Mtazamaji Asifanywe Fundi Mitambo

Kuna kazi katika filamu zetu ambayo imehamishwa kimyakimya kutoka kwa mtu aliyelipwa kuifanya, ikatupiwa mtu aliyelipa ili apumzike. Ni kazi ya kusawazisha sauti za wanaozungumza. Mama na binti wananong'ona jikoni, mtazamaji anapandisha sauti ya runinga hadi arobaini. Mlango unafunguliwa, baba anafoka, muziki unalipuka, rimoti inatafutwa mbio, sauti inashushwa hadi kumi na tano. Baba anaondoka, mama anaguna maneno ambayo ndiyo fumbo lote la hadithi, na hayasikiki. Katika nyumba za Kiswahili za Buguruni, Malapa hadi Kwa Mnyamani, ambako vyumba vimepangana pande mbili za ukumbi mmoja na kuta nyingi hazifiki kwenye bati, hili halibaki kuwa jambo la mtu na runinga yake. Sauti iliyopandishwa ili mnong'ono usikike ndiyo itakayomwamsha mtoto wa chumba cha tatu baba atakapoingia anafoka. Tumezoea kuambiwa kwamba kasoro hii ni ya umaskini wa vifaa. Mimi sikubali. Chanzo chake ni mpangilio wa kazi: watengenezaji wengi huyahesabu mazungumzo kuwa yamekwisha pale yanaporekodiwa, na kumbe ndipo yanapoanza kuhitaji kazi.

Tutazame yanavyoharibika. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mzungumzaji na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Chukua sasa filamu iliyorekodiwa kwa maiki ya juu ya kamera, au ya simu yenyewe. Mwigizaji aliyekaa nusu mita kutoka kwenye kamera na mwenzake aliye umbali wa mita mbili watapishana kwa kiasi cha desibeli 12, hata wakiwa wanatumia nguvu ileile ya koo. Sikio huona ongezeko la desibeli 10 kuwa ni sauti iliyokuwa maradufu, kwa hiyo mmoja ataonekana anasema na mwingine anaguna. Halafu mazungumzo ya dakika mbili hayapigwi mara moja. Hupigwa kwa mbali, yakarudiwa kwa karibu kwa huyu, kisha kwa yule, na kila kamera inapohama maiki inahama nayo. Vipande hivyo vikiunganishwa, swali linatoka kubwa na jibu linatoka dogo, na pengine sauti inashuka katikati ya sentensi kwa sababu tu picha imebadilika. Juu ya hayo kila kipande kimekuja na mtaa wake: kimoja kimenasa feni, kingine jenereta, kingine kimemnasa mpiga debe wa Buguruni Sheli, au kipaza sauti cha muuza dawa ya panya na mende kikipita kwa mbali. Mwigizaji hapo hana kosa, wala aliyeandika hadithi.

Dawa inayopendwa ni kitufe. Programu karibu zote za kuhariri zina amri ya kupandisha sauti mpaka kilele chake kifike kiwango fulani, na mhariri aliyechoka saa nane za usiku huibofya akaamini amemaliza. Amri hiyo hutazama kitu kimoja tu, yaani mlio mkali kuliko yote kwenye kipande. Kama ndani yake kuna kofi, sahani iliyovunjika au mlango uliobamizwa, kilele ni hicho, na mnong'ono uliokuwa chini yake unabaki palepale. Ukubwa wa sauti anaouhisi mtu ni wastani wa muda, na ndiyo maana tangu mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, una kanuni ya kuupima jinsi sikio linavyouhisi. Wanafani huisoma kwa kipimo cha LUFS.

Kusawazisha kwenyewe ni kazi ya mkono. Mhariri hupita sentensi kwa sentensi, akaikata pale pumzi inapoishia, hii akaipandisha desibeli 4, ile akaishusha 3, akachuja ngurumo ya magari iliyo chini ya hezi 80, ambako sauti ya binadamu karibu haina kitu. Baina ya sentensi hurudisha mvumo wa chumba kilekile, maana ukimya mtupu katikati ya mazungumzo hushtua kuliko kelele. Baada ya hapo ndipo kompresa inapoingia, kwa upole, kubana vilele vilivyosalia. Na muziki huja mwisho, ukishushwa kila mtu anapofungua kinywa. Wengi huanzia mwisho. Kuweka kompresa juu ya mazungumzo ambayo hayajasawazishwa ni kupiga pasi shati lenye matope: kila mwigizaji anaponyamaza, kinachopandishwa ni kile kilichobaki, nacho ni feni, ikawa feni ndiyo inayopumua badala ya mtu. Hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayodai chombo cha mamilioni. DaVinci Resolve katika toleo lake la bure ina ukurasa mzima wa sauti pamoja na kipimo chake, na Audacity haiuzwi. Kinachokosekana ni siku mbili tatu ambazo hazikuwekwa kwenye bajeti.

Na kwa nini hazikuwekwa? Nadhani jibu liko Kariakoo, mwendo mfupi tu kwa daladala kutoka Buguruni. Filamu za Kiswahili za kizazi cha Girlfriend ya George Tyson, iliyotoka mwaka 2003, zilikulia kwenye kanda na baadaye diski, na soko lake lilikuwa maduka ya jumla ya Kariakoo. Diski huuzwa kwa jalada. Mnunuzi aliona sura ya Steven Kanumba au ya Vincent Kigosi, akasoma jina la filamu, akatoa pesa. Sauti aliikuta nyumbani, na duka halikuwa na desturi ya kurudishiwa diski kwa sababu mama hasikiki jikoni. Katika biashara ya namna hiyo, shilingi iliyowekwa kwenye picha ya jalada ilirudi, na iliyowekwa kwenye mazungumzo haikuonekana ilikokwenda. Mtayarishaji aliyeibana bajeti ya sauti hakuwa mjinga, alikuwa anasoma soko lake sawasawa. Lakini soko hilo limekufa. Leo filamu inakwenda kwenye chaneli ya kulipia, au YouTube, au kwenye flashi iliyojazwa na kijana wa laibrari ya muvi, na katika njia zote hizo mtu anaweza kuiacha dakika ya tano bila kupoteza kitu. Tabia ya enzi ya jalada imebaki kwa mazoea tu.

Tusidhani pia kwamba kutanguliza neno ni ustaarabu wa kuletewa. Radio Tanzania Dar es Salaam, katika majengo yake ya Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ilikuwa na watu waliotajwa hewani kwa cheo chao, mafundi mitambo, na moja ya kazi zao ilikuwa kuhakikisha kila anayezungumza anafika. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza kurushwa mwaka 1993, Dodoma haikurushiwa kwa miaka miwili ya mwanzo ili watafiti wapate mahali pa kulinganisha. Ulinganisho ulionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika. Mambo mengi yalichangia, ila tukumbuke mchezo wenyewe ulifika kwa njia gani: maneno matupu, bila picha ya kusaidia, mara nyingi kupitia redio ndogo ya betri iliyowekwa dirishani. Kama mhusika mmoja angesikika na mwingine akazama, hakuna ambaye angebadili uamuzi wowote wa nyumbani kwake.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Buguruni unatoka mahali ambapo wenye filamu hawapendi kupatazama, yaani kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kutafsiri na kusimulia filamu za kigeni juu ya picha, na baada yake akaja DJ Mack na wengine. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Suala la hakimiliki nalijua na silitetei. Ninachosema ni kwamba katika kazi hizo msimuliaji husikika daima. Akizungumza, bunduki za Hollywood zinashuka, akinyamaza, zinarudi. Sauti hiyo ilitengenezwa kwa vifaa vya kawaida kabisa, ikapigwa kwenye ukumbi wa mabati wenye watu wanaobishana na sabufa inayotingisha benchi, na bado aliyekaa nyuma alitoka akiwa amefuata hadithi yote. Msimuliaji alijua kwamba aliyetoa kiingilio amelipia maneno yake. Mwenye filamu ya Kiswahili, ambaye maneno ni yake tangu mwanzo, angepaswa kujua hilo kabla ya mtu mwingine.

Kiswahili chenyewe kinadai uangalifu huu. Mkazo wa neno letu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali nani anatenda, lini, na kama anakubali au anakana, yote hayo hukaa mwanzoni, kwenye silabi zisizo na nguvu. Tofauti ya atalipa na hatalipa ni pumzi moja. Pumzi hiyo ikifunikwa na kinanda cha huzuni, mtazamaji hakosi urembo wa mazungumzo, anakosa habari yenyewe.

Watu wa fani wana pingamizi la haki hapa: ukisawazisha kila kitu unaua uigizaji. Mnong'ono ubaki mnong'ono na ukelele ubaki ukelele, la sivyo tunarudi kwenye taarifa ya habari. Ukitaka kuona hofu hiyo ilivyo na msingi, sikiliza tamthiliya za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kama Sultan iliyorushwa na Azam TV. Kila neno linasikika, maana limerekodiwa studio, kinywa karibu na maiki. Lakini wakati mwingine mtu aliye juu ya farasi ng'ambo ya bonde na mtu aliye kitandani wanaonekana kuwa chumba kimoja, na ladha fulani inapotea. Nakubali. Hata hivyo tamthiliya hizo zimethibitisha jambo ambalo pingamizi hili linalisahau: kwa Kiswahili hichohicho, kwenye runinga ileile, bila kugusa kitu, mtu anaweza kufuata saa nzima ya mazungumzo. Na mnong'ono haujulikani kwa udogo wake peke yake. Unajulikana kwa pumzi, kwa ukavu wa koo, kwa kasi ya maneno, na hayo yote hubaki sentensi inapopandishwa desibeli 5. Kusawazisha ni kuupunguza mteremko mpaka upitike. Ukelele ubaki juu ya mnong'ono, ila kwa kadiri ambayo mkono wa mtazamaji hautalazimika kuingilia.

Kuna wanaomtaja mwongozaji Christopher Nolan. Interstellar ya 2014 na Tenet ya 2020 zililalamikiwa dunia nzima kwa mazungumzo yaliyozama ndani ya muziki, na mwenyewe alisema alichagua hivyo. Sawa. Yeye alichanganya sauti kwa ajili ya majumba makubwa ya sinema, akiwa na vipaza sauti kila upande, na wengi hata humo hawakumwelewa. Filamu yetu inakwenda kwenye simu yenye tundu moja la sauti, au kwenye sabufa ya Kariakoo ambayo besi yake imefunguliwa mpaka mwisho. Anayetaka kuvunja kanuni kwa makusudi aivunje; ninayemzungumzia hapa hajawahi kuifuata hata mara moja, na kwake jina la Nolan ni kisingizio tu.

Wengine husema mitambo itajirekebisha yenyewe: runinga za siku hizi zina kisawazisha sauti, na YouTube nayo ina nyenzo ya aina hiyo. Nyenzo hizo zipo, lakini hazijui lipi ni neno na lipi ni biti. Kwa kawaida YouTube hupima ukubwa wa video nzima, na ukizidi takriban LUFS -14 huishusha yote kwa pamoja. Ikiwa chini ya hapo haiipandishi. Fikiria maana yake kwa filamu ambayo muziki umejazwa mpaka ukingoni na mazungumzo yako chini. Kinachopandisha kipimo ni muziki, kinachoshushwa ni filamu nzima, na mama wa jikoni anazidi kudidimia. Mtayarishaji aliyedhani anashinda kwa kelele amejipunguzia sauti mwenyewe.

Viwango vya utangazaji navyo havitoshi vikichukuliwa kijuujuu. Muungano wa watangazaji wa Ulaya ulitoa mwaka 2010 pendekezo lake la R 128, linalotaka kipindi kiwe na wastani wa LUFS -23. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya biashara yasipige kelele kuliko vipindi. Hayo yalisaidia, lakini wastani ni wastani: filamu yenye nusu saa ya mayowe na saa moja ya minong'ono inaweza kufikia namba inayotakiwa bila tatizo na isisikilizike. Netflix walitambua mtego huo, wakaamua kwamba kinachopimwa ni mazungumzo, yakae LUFS -27 na yasipishane na hapo kwa zaidi ya 2. Mtanzania anayeota kufika huko, ambako Binti ya Seko Shamte imekwisha kufika, hana budi kuanza kulijali neno kabla ya biti.

Lipo jibu moja ambalo husemwa kwa sauti ya ushindi: kuna maandishi chini ya picha. Yapo, lakini kwenye filamu nyingi za Bongo ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mashaka. Mgeni asiyejua lugha anasaidiwa, mwenye lugha anaachwa akitega sikio. Buguruni ina shule ya watoto viziwi, na kama tunataka kuzungumza kwa dhati kuhusu maandishi, hao na wenzao waliokwisha kua ndio wa kuanza nao, kwa Kiswahili kilichoandikwa vizuri na kwa wakati unaofuata midomo. Hilo ni deni linalojitegemea. Halilipwi kwa kuwafanya wanaosikia nao waishi kama hawasikii, ili mhariri apate kulala mapema.

Sipendekezi sheria. Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, ina kazi yake ya kukagua maudhui na kupanga madaraja, na kuitwika kupima desibeli ni kuongeza foleni nyingine dirishani. Mwenye nguvu ya kulibadilisha hili ni anayenunua: chaneli, jukwaa la mtandaoni, hata mdhamini. Kipimo chake kiwe cha nyumbani. Filamu ikiletwa, mtu mmoja aketi na simu ya kawaida, bila hedifoni, katika chumba chenye feni inayozunguka, atazame dakika ishirini za katikati ambazo mtayarishaji hakuzichagua. Kila sentensi aliyoikosa aandike dakika yake, na kila mahali alipotamani kupunguza sauti aandike vilevile, kisha karatasi irudi studio. Kwa filamu yenye wahusika wanane na mandhari nyingi, karatasi ya kwanza itakuwa ndefu. Ya pili itakuwa fupi, kwa sababu marekebisho mengi ni ya desibeli 3 au 4 na mhariri anayejua aendako huyamaliza kwa alasiri moja. Awamu ya mwisho ya malipo isubiri karatasi hiyo iishe. Na kwenye majina yanayopita mwishoni mwa filamu, aliyesawazisha mazungumzo atajwe kwa jina lake, mbali na mhariri wa picha, hata kama kwenye bajeti ndogo ni mtu yuleyule, ili karatasi ikirudi ijulikane inarudi kwa nani na alilipwa kiasi gani kwa kazi hiyo.